Chumba cha Muteremko

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa ninasuka kichwa cha mutoto mumoja pale ninapofanyia kazi, pembeni ya soko ya Kadutu. Vidole vilikuwa vinaniuma, mugongo unaniuma, na nusu ya kichwa ilikuwa bado. Mutoto mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa ameinamia simu ya mama yake, kidole gumba kinatembea. Nikachungulia: alikuwa anacheza échecs, ile sataranji. Farasi, minara, wafalme wawili, vyote vidogo kama punje za mahindi. Na malkia wake alikuwa amekaa mahali pabaya kabisa, anangoja kuliwa.

"Ondoa malkia pale," nikamuambia.

Akageuka kuniangalia, musuko ukanitoka mukononi. "Yaya," akaniita, vile tunavyomuita dada mukubwa, "na weye unajua hii? Nani alikufundisha?"

"Kaa vizuri, nitakuharibia kichwa."

Sikumujibu. Nilikuwa nimechoka, na jibu lilikuwa refu. Basi acha nikujibu wewe.

Mimi nimekulia Cimpunda, kule nyumba zimepandana mpaka paa la jirani wa chini linakuwa sawa na mulango wako. Nililelewa na koko, mama wa mama yangu. Asubuhi nilishuka kuteka maji na kupanda na bido kichwani, muchana masomo, jioni kupepea makala mu mbabula, jiko letu la makaa, mpaka macho yatoe machozi. Koko alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na harufu ilipanda kwa majirani wa juu kabla sisi wenyewe hatujaonja. Mvua ikianza kupiga manjanja, mabati ya paa, hakuna aliyesikia mwenzake. Tulikula kimya, tunaonyeshana chumvi kwa kidole.

Masomo yetu, yaani shule, nayo yalikuwa kwenye mulima uleule. Chumba cha mwisho, kile cha chini kabisa, kilikuwa kimeanza kuzama upande mumoja. Ukuta ulikuwa muzima, paa zima, lakini sakafu iliteremka. Ukiangusha chaki karibu na mulango, unaifuata mpaka dirishani. Hakuna darasa lililotaka kukaa mule. Basi mwalimu wetu wa hesabu akakiomba, muchana wa siku ya tatu na ya posho, yaani jumamosi, akaingiza watoto wake wa échecs, na mimi nikiwa mumoja wao.

Meza tuliziwekea mawe chini ya miguu, lakini mulima haudanganywi na mawe. Vipande vyetu alituchongea jirani seremala kwa mabaki ya mikalitusi, vyepesi, vya kuteleza. Mutu akikohoa, jeshi lote linahama. Ndiyo maana tulikuwa na sheria yetu: anayekaa upande wa bonde ndiye anayeshika. Mukono mumoja unacheza, mukono mwingine unalinda, unarudisha kila kinachoteleza.

"Farasi yako imeshuka kunywa maji ku Kawa!" mutu alipiga kelele, maana Kawa ndio muto unaopita kule chini yetu.

"Wacha inywe, itarudi na nguvu ya kukupiga teke!"

"Mufalme gani huyo analala chini kama mulevi wa siku ya mungu? Muamushe!"

Mwalimu alituacha tupige makelele. Alitufundisha sheria ya dunia, kwamba ukigusa kipande chako ni lazima ukicheze hicho hicho, hata kama umekosea. Kisha akaangalia ile sakafu, akacheka. "Lakini hapa kwetu, anayegusa wa kwanza ni mulima. Tumusamehe."

Mimi nilikuwa mudogo na muepesi, kwa hiyo nilikaa upande wa bonde karibu kila siku. Mukono wangu wa kushoto ulijifunza kazi yake mpaka haukuningoja tena. Meza ikitikisika, ulikuwa umeshafika.

Halafu wakaja watu kutoka Kinshasa kutafuta watoto wa timu ya taifa, ya kwenda kwenye mashindano ya vijana ya mataifa. Walitupima hapa Bukavu kutwa nzima. Nikachaguliwa. Mwalimu alinipandisha mulima wote akiwa amenishika bega, anamuambia kila tunayekutana naye, hata watu asiowajua, hata mama aliyekuwa anauza vitunguu na hakuinua uso.

Mukubwa wa masomo alitungojea kwenye mulango wa uwanja. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa anajenga vyumba vipya, na hilo ndilo alilofikiri usiku na muchana.

"Mwalimu," akasema, "mimi niko na saruji, na mvua inakuja. Wewe uko na watoto wa kupiga makelele. Échec, échec! Bulletin zangu zimejaa échec tayari."

Neno hilo kwa Kifaransa ni kufeli pia, na bulletin ni karatasi ya maksi; mwalimu akacheka kidogo, cheko la kumuheshimu mukubwa.

"Sikiliza. Huyu mutoto akirudi na ushindi, hata mumoja, chumba ni chenu. Akikosa, naweka saruji yangu mule chumbani. Iko sawa?"

"Iko sawa, mukubwa."

Wakapeana mukono juu ya kichwa changu. Na mimi, ambaye sijawahi kuona ndege kwa karibu, nilianza kuhesabu kama mutu mukubwa: chumba chote kile, na watoto wote wale, na mwalimu, vimekaa juu ya ushindi wangu mumoja.

Koko alinifungia karanga za kukaanga ndani ya kitambaa na kunivalisha sweta, ingawa nilimuambia kule kuna joto. "Joto ni la watu wa kule," akasema. "Wewe uko mutu wa hapa." Kisha akaniambia nisitazame chini kama mwizi.

Kule tulikofika, rafiki yangu, chumba cha mashindano kilikuwa kikubwa kuliko kanisa. Sakafu ilikuwa sawa kama maji ya ziwa asubuhi. Vipande vilikuwa vizito, vimebandikwa kitambaa chini. Ungevipuliza kwa nguvu zako zote, visingehama. Na kimya! Mamia ya watoto, na unasikia saa tu. Siku ya kwanza nilimuuliza kapiteni wetu, kijana wa Kinshasa, kwa sauti ya Cimpunda, choo kiko wapi. Vichwa vyote vikageuka.

"Kimia, petite Bukavu!" akaninong'oneza. "Hapa hatuko kwenye soko yenu."

Nilipigwa kwenye ubao. Nikapigwa tena. Wenzangu walikuwa wanapata chao, leo huyu, kesho yule, na mimi naweka sufuri kwenye timu ya taifa. Jioni tulikula pamoja, wali na kuku, na mimi nikasukuma sahani. Nilikuwa naona mifuko ya saruji.

Kapiteni ndiye aliyeliona tatizo. "Kichwa chako kiko kizuri," akaniambia. "Lakini huo mukono wa kushoto unafanya nini pembeni ya ubao? Unalinda chungu kisiungue? Siku moja utagusa kitu na watakulazimisha ukicheze. Uukalie."

Nikaukalia. Kweli, nilicheza nikiwa nimekalia mukono wangu mpaka ukafa ganzi, na mambo yakaanza kuwa mazuri: nikaanza kutoka sare. Siku ya mwisho walinipa musichana wa rika langu, mwenye mafua, anavuta kamasi kila mara na kuomba radhi kwa macho. Tulikaa muda murefu sana. Na polepole, rafiki, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nitoke nyumbani: nilikuwa ninashinda.

Hali ilikuwa hivi. Alikuwa na pioni moja tu, askari mudogo, ya kunitisha, imelindwa, imebakiza hatua moja ifike mwisho igeuke malkia. Lakini mufalme wangu alikuwa amesimama mbele yake, amefunga njia. Na munara wangu ulikuwa tayari upande wa pili. Zamu ilikuwa yangu: nikiusogeza tu, mufalme wake amekwisha, muchezo umekwisha. Niliangalia mara moja, nikaangalia tena. Furaha ikanipanda mpaka nikasahau kukaa juu ya mukono.

Wakati uleule mutu wa hoteli akapita nyuma yangu anasukuma kigari cha glasi. Gurudumu likagonga muguu wa meza. Meza ikatikisika kidogo, kidogo tu, na mukono wangu wa kushoto ukaruka ukashika mufalme asiteleze.

Hakuna kitu kilichoteleza. Mufalme alikuwa amesimama vilevile, mimi nimemushika shingo.

Musichana aliona mukono wangu unarudi tu, akainua wake kuita muamuzi. Akaja mama muzee, miwani inaning'inia kifuani. Hakuwa ameona. Kapiteni alikuwa kwenye meza yake, ameinamia yake. Mutu wa kigari alishapita. Yule mama akainama karibu nami, akaniuliza kwa Kifaransa cha polepole, kama unavyomuuliza mutoto wako mwenyewe kama amekula:

"Umegusa mufalme?"

Nilimuangalia yule musichana. Alikuwa anafuta pua, na nikaona yeye mwenyewe hana hakika. Alikuwa ameinamia kitambaa chake wakati ule. Neno langu tu ndilo lilikuwa linangojewa. Nikaona mawe yetu chini ya meza. Nikamuona mwalimu anamuambia muuza vitunguu. Nikasema kwa Kiswahili kwanza, kwa kusahau niko wapi:

"Ndiyo, maman."

Kisha nikarudia kwa Kifaransa.

Ilibidi mufalme aondoke. Pioni ikapita, ikageuka malkia, na kilichofuata hakikuchukua muda. Musichana alinipa mukono na hakutabasamu. Aliushika wangu kwa mikono yake yote miwili, moto wa homa, akasema maneno ya lugha yao ambayo mpaka leo sijui yalikuwa nini.

Inje kapiteni alinishika kichwa. "Hakuna aliyeona! Hakuna! Ungesema hapana!"

"Najua."

Aliniangalia, akafungua chupa yake ya jus, akanipa yote.

Mwalimu alikuja kunipokea Kavumu, kwenye uwanja wa ndege. Taxi ilituacha chini ya mulima. Tulipoanza kupanda kwa miguu ndipo nilimuelezea, kuanzia kigari. Akasimama.

"Mukono gani?"

Nikamuonyesha. Akaushika, akaugeuza huku na huku kama mutu anayetafuta mahali ulipovunjika. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa watu, mwenye nyumba akatoka kuangalia. Kisha cheko likamuisha palepale, akanishika bega, tukapanda sehemu iliyobaki.

Alimuambia mukubwa yote, hakuficha. Nadhani alitumaini chumba kitabaki chetu. Na mimi nilitumaini, maana siku ya kwanza ya juma, asubuhi kwenye bendera, mukubwa aliniita mbele ya wanafunzi wote.

"Mumuangalie huyu!" alipaza sauti. "Alikuwa peke yake mbele ya mataifa. Hakuna aliyemuona. Uongo mudogo tu, na angeshinda. Akakataa! Hiyo ndiyo elimu ninayotaka hapa! Mumupigie mikono!"

Walipiga mikono, wakapiga na miguu, vumbi likapanda. Watoto wa chumba cha chini walipiga kuliko wote, wanarukaruka. Koko alisikia makelele kule nyumbani na akafikiri kuna moto.

Muchana camion, lori kubwa, ilifika na saruji.

Wanafunzi walewale waliopiga mikono ndio waliotoa meza zetu. Na mimi nilisaidia; ungefanya nini? Tulipeana mifuko mulangoni, tukawa weupe mpaka kope. Mukubwa alipita akanigusa bega kwa upole kabisa.

"Ahadi ni ahadi, binti yangu. Wewe zaidi ya wote unaelewa."

Nilimuitikia. Nilikuwa ninaelewa kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwalimu alijaribu kutuweka barazani. Upepo ulichukua vipande, mvua ikaleta matope, wazazi wakaanza kuwataka watoto wao kwa kazi. Musimu huo haujaisha tukawa wachache, kisha mwalimu akapata kazi upande wa Uvira, akatuachia salamu. Vyumba vipya vilijengwa, ni vizuri, vina sakafu sawa. Koko amelala kaburini Nyangezi alikozaliwa. Wenzangu wa chumba kile, mumoja yuko Kampala na ananitumia sauti kwenye simu, mara nyingi analia. Mwingine alienda Bunyakiri kutafuta ndugu na hatujamusikia. Miaka hii ya vita imetutawanya kwa namna ambayo nimechoka hata kuisimulia. Siku hizi ndege hazitui tena Kavumu, na mutoto wa hapa akichaguliwa leo, sijui angetokea njia gani.

Lakini mimi unanijua, siachi kuota. Jioni, nikiwa nimesimama kutwa na miguu imevimba, najitungia siku ile upya. Naketi kwenye kiti kile. Muamuzi anainama, miwani inaning'inia. Nimelitayarisha neno langu, hapana, sikugusa, na nyuma yake nimepanga kila kitu: mulango wa chini uko wazi, mwalimu anaingia na chaki, wote wako, hata yule wa Bunyakiri, wanagombania nani akae juu na nani akae bondeni. Neno liko tayari kwenye ulimi. Ananiuliza kwa upole uleule. Nafungua kinywa, na hata pale, kwenye ndoto niliyojitungia mimi mwenyewe, linalotoka ni ndiyo.