Gasketi ya Boksi la Sabuni

Jamani, leo nimesababisha mzee wa watu ashikishwe msahafu bure.

Pikapu ya ushirika imekuja gereji inatetemeka na kuzimika ovyo. Nikatamka, bila hata kufungua boneti, kwamba dereva wao, Mzee Shomari, kauza petroli akajazia mafuta ya taa.

Meneja wa ushirika, aliyekuja naye, akawaka, akaagiza msahafu uletwe. Mzee akatawadha kwa maji yangu ya kujazia rejeta, akaushika, akaapa hajauza hata tone.

Ndipo nikasikia injini inavuta hewa pembeni, fsss. Nikadondosha oili kwenye gasketi ya manifoldi, ile inayoziba hewa isipenye, ili izibe ufa kwa muda. Injini ikatulia!

Gasketi hiyo niliikata mimi mwenyewe kwa boksi la sabuni, gari lilipokuja kwangu mara ya mwisho, maana vipuri Bagamoyo havipatikani.

Nikawaambia imechakaa tu.

Mzee kanishika mkono: "Mungu akuzidishie, mwanangu. Umenisafisha."

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nimeitikia amina.