Kumbe Mama Jeni Hakuufuta Wimbo

Leo nimemwomba radhi mtu niliyemgombeza mbele ya watu wote pale senta, madukani.

Mama Jeni ndiye anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi hapa Runazi. Mwaka jana nilimkuta anagawa wimbo wa kwaya yetu bila kutuuliza. Mimi, katibu wa kwaya! Nikamwambia aufute, nikasimama palepale mpaka akasema ameufuta.

Sasa leo asubuhi simu ikaniuliza kama nataka kufomati kadi. Nikabonyeza ndiyo.

(Msicheke.)

Kila kitu kikafutika, pamoja na wimbo ule.

Na kesho ni misa ya kumwombea marehemu mwalimu wetu wa kwaya. Ndiye aliyeongoza wimbo huo, na hatuna rekodi yake nyingine. Mjane wake aliniomba kitu kimoja tu: amsikie mumewe kanisani.

Nikaenda kwa Mama Jeni, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, katibu. Leo umekuja nifute nini?"

Nikamweleza, nikamwomba radhi. Akafungua kompyuta, akabonyeza, na mwalimu akaanza kuimba kwenye spika, pale pale barazani.



"Si ulisema umeufuta?"

"Nilikudanganya. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniletea. Alisema nimpe kila anayeutaka."

Haya, nani mwingine anao wimbo huo kwenye simu yake? Jitokezeni hapa.

Sigombezi tena.