Kisu cha Kupeleka Ukweni

Marie-Rose alikuwa anamenya ndizi jioni moja ya Septemba, mwaka 2018, mwanawe Bertrand alipoingia jikoni na kumwambia kwamba baba yake Shelby, mchumba wake, amekwisha kutaja mahari.

"Anataka ng'ombe wangapi?" mama akauliza.

"Hataki ng'ombe. Anataka bui."

Katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, kule Kigoma, Marie-Rose alikuwa na majirani Waislamu, na neno lililomjia ni moja tu. "Buibui? Mzee wa Kizungu wa Weatherford, buibui ya nini?"

"Bui, mama. Bowie. Ni aina ya kisu kirefu, ncha yake imepanda juu."

Mama akakaa kwenye kiti. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa. Mume wake, Vénant, alizikwa kambini miezi saba kabla majina yao ya kuja Amerika hayajatoka, naye akaja na mwanawe huyu mmoja mpaka Haltom City, Texas, kwenye ghorofa zile zile alizokuwa anaishi hadi leo. Miaka minane sasa alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nyama, kutoa mifupa. Kisu kilikuwa mkononi mwake saa nane kwa siku, chenye mpini wa plastiki nyeupe, na kila akitoka kazini vidole vilibaki vimejikunja vyenyewe. Katika vitu vyote vya dunia hii, kisu ndicho alichodhani anakijua.

Bertrand alieleza ilivyokuwa. Jumapili alikwenda kwa mzee Wendell, baba yake Shelby, akamweleza desturi ya kwao: upande wa mvulana hauji mikono mitupu. Mzee akatazama malisho yake, yaliyokuwa na ng'ombe wapatao arobaini, akasema ng'ombe anao. Amletee kisu cha Bowie, kizuri kukitazama na cha kufanyia kazi, mambo yatakuwa yamekwisha.

"Alicheka?"

"Hakucheka."

"Shelby anasemaje?"

"Shelby anasema baba yake akitania huwa hacheki. Na asipotania pia hacheki."

Usiku ule Marie-Rose alimpigia simu Lambert, mdogo wake Vénant, aliyekuwa Alief, Houston, akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Ndiye mwanamume pekee wa ukoo upande huu wa bahari, kwa hiyo maneno ya ukweni yalikuwa yake.

"Shemeji," Lambert akasema, "kisu hakipelekwi ukweni. Umewahi kusikia wapi? Ng'ombe najua. Pombe najua. Hata jembe najua, babu yetu alitoa jembe alipokosa ng'ombe. Lakini kisu unampelekea mtu unayetaka kumaliza naye."

"Amekitaja mwenyewe."

"Labda anatupima. Labda ndiyo namna yao ya kukataa. Halafu kisu kirefu hivyo ukikutwa nacho barabarani, si unafungwa?"

Bertrand, aliyekuwa anasikiliza, akadakia kwamba sheria ilibadilika mwaka jana, kukibeba barabarani si kosa tena, ila usiingie nacho kanisani. Hapo ndipo Marie-Rose alipochanganyikiwa zaidi. Alikuwa amepanga kumpelekea padri akibariki.

Walianza kutafuta. Bertrand aliagiza cha kwanza kwenye simu, kwa sababu picha yake ilimpendeza na bei haikuumiza. Kilipofika, hata mama alishika mdomo. Ubapa wake wa chuma ulikuwa na michirizi kama maji yaliyopulizwa na upepo, mpini wa pembe, na shaba iling'aa mahali kidole kinapoegemea. Ncha ilipanda juu kama inavyotakiwa. Mama alikizungusha mbele ya taa, akafurahi. Kisha akatoa mguu wa mbuzi kwenye friji, akakiingiza kwenye kiungo. Mpini ukacheza. Akakaza mkono, ukazunguka kabisa, kisu kikabaki kwenye nyama na pembe ikabaki kiganjani. Kumbe kilichokuwa kimeingia ndani ya ile pembe ni mkia wa chuma mwembamba kama msumari, uliobandikwa kwa gundi.

"Basi turudishe," Bertrand akasema.

"Lakini kilikuwa kizuri," mama akasema, na hakujua kwa nini anakitetea.

Wakaenda dukani, kwenye kabati la vioo. Pale kulikuwa na visu vya kweli, alivijua kwa kuvitazama tu, lakini kimoja kilikuwa bei ya mshahara wake wa wiki mbili. Muuzaji alizungumza haraka, juu ya namba za aina za chuma, na Bertrand akachoka kutafsiri. Cha bei ndogo pale dukani kilikuwa cheusi kizima, mpini wa mpira, kigumu, kinafaa kazi yoyote. Marie-Rose alikishika. Kilimkumbusha kiwandani. Hawezi kwenda kumwomba mtu binti yake kwa kitu kinachofanana na zamu ya asubuhi.

Jumamosi ya tatu walikwenda kwenye soko la vitu vya zamani, ng'ambo ya Fort Worth. Mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba alikuwa amepanga visu juu ya blanketi la farasi. Hakuwaita wala kuwahimiza. Marie-Rose alianza kuvichukua kimoja kimoja. Aligonga mpini kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Aliweka makali juu ya ukucha wa gumba aone kama yanashika au yanateleza. Yule mwanamke akavua miwani, akamtazama.

"Anauliza unafanya kazi gani," Bertrand akasema.

"Mwambie nakata nyama."

Mwanamke akainama, akatoa kingine kutoka kwenye sanduku chini ya meza. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Mpini ulikuwa wa mti wa rangi ya asali iliyoiva, vipande viwili vilivyobana chuma katikati, na chuma chenyewe kikaonekana kote, toka ncha mpaka kitako, kimepigwa misumari mitatu ya shaba. Lakini ubapa ulikuwa na madoa ya kijivu.

"Kina kutu," Marie-Rose akasema.

Bertrand akauliza, akajibiwa, akauliza tena. "Anasema si kutu, ni rangi ya chuma kikizeeka. Ila kutu kinashika, ukikiacha na maji. Anasema hiki kinachoshika kutu ndicho kizuri. Kinanoleka haraka na makali hayaondoki."

"Kinachooza ndicho kizuri?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

Alisimama pale akiwa na kisu mkononi, na kichwani mwake vitu vikapishana. Kiwandani walifundishwa kwamba chuma chenye doa ni cha kutupwa. Lakini panga la Vénant kambini lilikuwa jeusi hivi hivi, likipakwa mawese kila jioni, na halikuwahi kumwangusha. Kiwanda au Vénant, nani alikuwa sahihi? Akakipima juu ya kidole kimoja, pale mpini unapokutana na ubapa. Kikatulia. Bei haikuzidi walichokuwa nacho, pamoja na ala ya ngozi. Akanunua bila uhakika, kama mtu anayejibu swali ambalo hakulisikia vizuri.

Wiki nzima alikinoa taratibu kwenye jiwe, kila akirudi kazini, mpaka kikakata karatasi kwa uzito wake.

Siku yenyewe Lambert aliendesha gari kutoka Houston alfajiri, akiwa na suti na kofia. Walikutana kwa mzee Wendell, uani, chini ya kibaraza cha bati. Lambert alisimama, akaongea kirefu kwa Kirundi na Kiswahili, Bertrand akitafsiri. Neno kisu hakulitamka hata mara moja. "Tumeleta chuma," alisema. "Babu zetu walileta chuma, na sisi tumeleta chuma." Kisha Marie-Rose akakitoa kwenye kitenge, mpini ukiwa upande wa mzee.

Wendell alikitoa kwenye ala. Alikitazama muda mrefu, akamtazama Bertrand, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Lambert akauliza.

Bertrand alikuwa anatazama viatu vyake. "Anasema alikuwa ananitania tu."

Marie-Rose alihisi uso ukimwaka. Wiki zote hizo za kutafuta, mguu wa mbuzi, jiwe, na jambo lenyewe lilikuwa mzaha. Lambert akavua kofia, akauliza polepole, kama anayeongea na hakimu: "Muulize basi, amepokea au hakupokea?"

Mzee aliinuka, akaenda bandani na kisu. Walisikia kitu kikikatwa, tena na tena. Shelby, aliyekuwa amekaa karibu, akamshika Marie-Rose mkono. Wendell aliporudi, alikuwa amebeba kipande cha kamba nene ya kufungia ng'ombe, kimekatwa safi kama kwa wembe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyolewa malaika sehemu yenye upana wa kiganja.

"Nani amekinoa?" akauliza.

Marie-Rose akajinyooshea kidole.

Mzee akakivisha ala, akakivaa kiunoni, akakaa. "Tumepokea," akasema, na Bertrand akatafsiri kwa sauti iliyopasuka.

Harusi ilifungwa Aprili iliyofuata. Tangu hapo, karibu kila Jumapili, simu ya Marie-Rose hupokea picha kutoka kwa mzee Wendell, bila neno lolote: tikiti lililopasuliwa kwa kisu kile, kambare juu ya ubao, gunia lililofunguliwa. Mara ya kwanza alimpelekea Bertrand, akamuuliza ajibu nini. Kabla hajajibiwa, akapiga picha sufuria yake ya maharage, akaituma.