Mkomamanga Uliokuwa Boma la Ndama

Mke wangu ni muuguzi, mzaliwa wa Dodoma. Alipoolewa kwetu Gorong'a alikuja na mche wa mkomamanga kutoka kwa mama yake, ameupakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Tukaupanda kando ya zizi la ndama. Kosa lilianzia hapo, maana mkomamanga una miiba, na sisi Wakurya tukiona mti wenye miiba tunaona boma.

Kila zizi lilipotoboka, baba yangu alichukua panga, akakata ncha za matawi, akaziba. Mti ukajibu kwa kuchipua chini, mpaka ukawa kichaka ambacho nyati wa Serengeti angeingia asingetoka. Maua tuliyaona mara moja moja. Komamanga hatukuliona.

"Mura, kijana wangu," baba akaniambia mwaka juzi, "mti wa mkeo unakula samadi yangu bure. Usipozaa msimu huu nang'oa, wote unaingia kwenye boma."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo karibu tu. Lakini kwetu baba mkwe na mkamwana hawasemezani. Ni heshima. Akaendelea kuanika.

"Mwambie baba utazaaje," akaniambia, "wakati maua yanatoka kwenye ncha, na ncha zote ziko kwenye zizi lake?"

Nikamwambia. Alikuwa ameshasikia, ila alisubiri nimalize.

"Muulize anataka nini."

"Mwambie machipukizi ya chini yaondoke, yabaki mashina matatu. Katikati pafunguliwe, jua liingie. Ncha zisiguswe."

Mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, na biolojia nilifaulu mpaka mtihani wenyewe ukaona aibu. Siku ya kupogoa, kazi yangu ilikuwa redio. Baba yuko ndani ya kichaka na panga, mke wangu ametupa mgongo anachambua mboga, mimi katikati.

"Mwambie siyo hilo, la kushoto." Sijui aliona kwa kisogo.

"Muulize kushoto kwake au kwangu!"

"Kwake."

Kufika mchana sauti yangu ilikuwa imehamia Kenya. Baba akautazama mti kama ng'ombe aliyeibwa akarudishwa amekonda.

"Mmeunyoa. Sasa uzae."

Mvua zikaja, maua yakajaa. Kila ua lililodondoka baba aliliokota akaniletea kama ushahidi. Yaliyobaki yakavimba. Mke wangu akasema yaliyobanana yapunguzwe, libaki moja moja. Nilipofikisha ujumbe huo, baba aliuzunguka mti muda wa kuivisha makande. Kisha akaenda akapunguza mwenyewe, akinung'unika kila alipokata.

Komamanga la kwanza lilitoshana na kichwa changu, na mimi nina kichwa. Baba alilila punje kwa punje, ameupa mji mzima mgongo, shati limeingia madoa ambayo hayajatoka mpaka leo.

"Mwambie mkamwana mti haung'oki."

"Mwambie baba asante."

Jioni ile ile baba akabomoa upande mmoja wa zizi, miiba yote akauzungushia mkomamanga, mbuzi wasiusogelee. Kulipokucha ndama walikuwa shambani kwangu, wanamalizia viazi vitamu. Nikaenda kulalamika. Baba alikuwa anakagua maganda ya komamanga, akanijibu bila kugeuka kwamba viazi huota tena.