Posa Iliyokwama Kizingitini

Sisi tuliokulia Mtae, juu milimani Lushoto, kabla simu hazijapanda mlima tunajua kwamba kuingia nyumba ya mtu ilikuwa kazi ya nusu asubuhi. Unasimama nje, ukungu umelowesha sweta, harufu ya maharage inakuita kwa jina, unapiga hodi. Ndani wanasema karibu. Huingii! Karibu ya kwanza ni ya kukupima tu. Wanakupa onga makeo, salamu yetu ya asubuhi, unaitikia. Unaulizia mama, mbuzi, mahindi, na yule shangazi wa Muheza anayeumwa mguu. Ndipo karibu ya kweli inakuja. Ukijitia haraka, Bibi yangu anakuuliza mbele ya watu: "Wewe umekuja kuwasalimu au kukagua chungu chao?"

Shule niliiacha mapema, barabara ilikuwa na mafunzo mengi zaidi. Nimepasua mbao Magamba, nimeuza machungwa Muheza. Kwa hiyo binamu yangu Elia, aliyekwenda kusoma Urusi akanogewa, alipotaka kumwoa Lena, binti wa hukohuko, ukoo ulikaa ukaona mwakilishi ni mimi. Baba yake Lena alikuwa amegoma: hatoi binti mpaka aonane uso kwa uso na mtu wa kwao Elia.

"Mtumeni huyu," Bibi akasema. "Kupotea kashazoea."

Heshima kubwa sana hiyo.

Baada ya ndege nilipanda treni isiyo na haraka yoyote ya kufika, na nilipouona mji nikaielewa. Maghorofa ya kijivu, yote yamefanana kama matofali ya tanuri moja. Katikati kuna sanamu ya mtu ameelekeza mkono kwenye barabara ya kutokea mjini. Ndiye pekee aliyenipa ushauri wa maana. Nilimwamkia bibi mmoja kituo cha basi kwa adabu zangu zote, akakumbatia mkoba wake. Lakini viazi tele, kabichi tele, na watu wanavaa masweta ndani ya nyumba. Nikajua hii ni Mtae, ila wameiba mlima. Vijana wa Lushoto wa leo, wanaojipiga picha ndani ya blanketi mwezi wa saba na kuandika "nakufa na baridi", wapelekwe kule wakafie vizuri.

Jioni Elia akanipeleka kwa kina Lena. Mzee akafungua mlango, akasema neno moja. Nikavua kofia, nikasimama nje ya kizingiti, theluji mabegani, nikaanza kuulizia hali za watu wa nyumba, mmoja mmoja.

"Ingia bwana!" Elia alikuwa tayari ndani, kabaki na soksi. "Kashasema karibu!"

"Kasema mara moja tu."

"Huku inatosha! Unawagandisha wakwe zangu!"

"Nimetumwa na ukoo, sikutumwa na wewe. Muulize mbuzi wake hawajambo."

"Hana mbuzi!"

"Basi muulize paka."

Jikoni mama yake Lena alipiga kelele ambazo hazikuhitaji mkalimani: joto la nyumba nzima lilikuwa linatoka kwa sababu yangu. Nikaona posa ya mwenzangu inaganda mikononi mwangu. Mzee akauliza kitu. Elia akajibu amefumba macho, kisha akaniambia amemweleza kwamba kwetu mgeni haingii mpaka akaribishwe sawasawa.

"Kwenu?" mzee akamgeukia Elia, Lena akinitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Wewe siku ya kwanza ulipita moja kwa moja mpaka kwenye jokofu. Nilidhani huna kwenu."

Akachukua koti, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Pale kwenye theluji akanishika mkono, akazungumza kwa kirefu. Sikuelewa hata neno, nikamjibu yote. Tulipoishiwa habari akafungua mlango, akasema tena lile neno lake. Nikaingia. Supu haijapoa, binti ametolewa.

Mwaka jana Elia alimleta mkewe Mtae. Bibi hayupo tena. Watoto wa kaka yangu walikuwa sebuleni, kila mmoja na simu yake. Elia akapita ndani. Lena akabaki nje kwenye ukungu, akapiga hodi, akasubiri.

"Mlango uko wazi!" mmoja akajibu bila kuinua kichwa.

Lena akanitazama. "Shemeji, hiyo ndiyo karibu?"

Nikamwambia ndiyo, siku hizi ndiyo hiyohiyo. Ingia tu mama, utalowa.