Mulamula wa Nyuma ya Jiko

Baba yangu ni balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo ilipotangazwa kwamba watu wa kwetu Ijumbi tuhamie kijiji cha ujamaa kule rweya, kwenye majani matupu kando ya barabara, hakuwa na mdomo wa kukataa. Bibi, mama yake, alikuwa nao.

"Wazima watapanda lori," alimwambia. "Na hawa waliolala humu kibanjani watapanda nini?"

Baba akaendelea kuandika majina ya wanaohama.

Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Wanazikwa kibanjani, katikati ya migomba na mibuni, na juu ya kaburi tunapanda mulamula, mmea mgumu usiokufa hovyo. Maandishi hakuna. Nani kalala wapi, hilo hukaa kichwani mwa mtu, na kichwa chenyewe kilikuwa cha bibi, nacho kilishaanza kuvuja. Asubuhi moja aliniita kwa jina la mbuzi wetu.

Nilipotoka shule akanishika mkono. "Twende, mume wangu. Wewe una domo kubwa, litabeba wengi."

Tukazunguka. Huyu babu yako. Huyu baba yake. Huyu alioa wake watatu.

"Wote wakamkimbia?"

"Mmoja alibaki. Alikuwa kiziwi."

Kila mmoja nikampa utani wake: mlevi wa pombe ya rubisi, mgomvi wa senene, mwoga wa mvua. Bibi hakukasirika. "Watanie, ndivyo watakavyokukaa kichwani."

Nyuma ya jiko palikuwa na mulamula mfupi. Hapo bibi aliongeza mwendo.

"Na huyu?"

"Huo ni mmea tu."

Alisema bila kugeuka. Tangu siku hiyo, kila nikitumwa majani ya mgomba nilipita pale mbio, mimi nisiyemwogopa hata mwalimu wa zamu. Nilihisi kuna mtu ananisubiri nimsemeshe.

Siku ya lori bibi alikata tawi kwenye kila kaburi ili tukapande upya. Ule mfupi akauruka. Mimi nikaukata tawi, nikalichomeka kwenye mzigo pamoja na wenzake.

Kule rweya ni upepo tu, hata mgomba wa kujificha hakuna. Nilipanda matawi kwa mstari nyuma ya nyumba mpya. Bibi akawa anamwaga rubisi kidogo kwa kila mmoja, mimi nataja. Mwishoni likabaki tawi moja. Kibuyu kikasimama hewani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nyuma ya jiko."

Akakaa chini kwenye majani.

"Alimtangulia baba yako kuzaliwa," alisema. "Alikufa hajapewa jina. Sasa asiye na jina nimtaje vipi?" Akamwaga rubisi yote iliyobaki. "Haya, mume wangu. Mtanie na yeye."

Nimtanie kwa lipi? Hakulewa, hakuoa, hakugombea senene. Alikuwa baba yangu mkubwa, na angeenea kwenye mfuko wangu wa madaftari.

Siku hizi bibi anatuita sote kwa jina la mbuzi, hata baba, balozi mzima. Jioni namkalisha nyuma ya nyumba nataja ukoo, naye hacheki tena. Nikifika mwisho wa mstari nanyamaza. Hapo ndipo anaponigeukia, macho yakiwa safi kabisa.

"Na mwanangu?" anauliza. "Mbona humsemi?"