Kiti cha Juu ya Tangi

Mashine ya boti yetu ilikuwa na tabia ambayo mimi, mtu niliyekulia kwenye kinu cha kusagia unga cha mjomba wangu kule Kitale, sikuwahi kuiona kwenye mashine nyingine yoyote. Ilichagua abiria. Asubuhi ilivusha watu kutoka ukingo wa Konyo Konyo hadi kisiwani na kuwarudisha bila hata kukohoa. Mchana hivyo hivyo. Lakini ikifika safari ya mwisho ya jioni, mwanamke mmoja akishapanda na magunia yake, inazimika katikati ya mto. Ati mashine! Mashine gani hiyo inayojua ni saa ngapi na ni nani amepanda?

Ilikuwa miaka ile baada ya amani kusainiwa, kabla ya kura ya kujitenga, Juba imejaa watu kama sisi waliorudi kutoka Kenya, na Waganda waliokuja kutafuta maisha. Tulijenga Gudele, ambako wakati huo majani yalikuwa mengi kuliko nyumba. Mimi nilikuwa na kibanda Buluk, nachaji simu za watu kwa jenereta. Mume wangu alikuwa na boti. Boti yenyewe tuliinunua pamoja, lakini mto ulikuwa wake.

"Mashine," ndivyo alivyosema akiingia, giza limeshatanda, ugali umekauka juu. Neno hilo moja tu. Kisha ananyoosha mikono, myeusi tii kwa oili hadi kwenye viwiko, mimi namwagia maji, yeye anasugua kwa sabuni ya unga. Mwanzoni nilimwonea huruma. Maskini, nilikuwa nasema, mume wangu anahangaika.

Aliyenitoa usingizini ni mteja wa simu. Alikuja kuchukua simu yake, akaegemea dirisha la kibanda, akasema, "Mama, jana nimemwona mzee wako mtoni. Boti inaelea tu. Yeye na yule Mganda wa mboga wanacheka, mpaka sisi huku ukingoni tunawasikia." Akaenda zake. Mimi nikabaki pale roho inanichoma, jenereta inanguruma, watu wananipa simu nami napokea bila kuangalia ni ya nani.

Wanacheka! Kumbe mimi ninapomwonea huruma, mwenzangu anacheka.

Kesho yake nilipanda boda hadi soko la Konyo Konyo, nikajifanya natafuta nyanya. Nilimtambua hata kabla sijaonyeshwa. Mwanamke mnene, rangi ya maji ya kunde, ana mwanya, ameketi nyuma ya mafungu yake ya mboga kama mtu aliyezaliwa pale. Alikuwa mzuri, haki ya Mungu, na nilimchukia kwa hilo.

"Nyabo, karibu!" aliniita. "Dodo, mchicha wetu, iko safi, imetoka kisiwani jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni kabisa. Boti ilizima, bambi, lakini tulifika." Akacheka. Hata mwanya wake ulinikera. Hakunijua mimi ni nani, na sikumwambia. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji nikarudi nyumbani.

Nilipofika nilijitazama kwenye kioo. Mimi ni mwembamba. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, na hata baada ya kuzaa sikuongezeka. Mjomba alikuwa akinitania kwamba nikipanda kwenye mizani ya kinu, mshale hausumbuki. Siku zote nilicheka utani huo. Siku ile niliuona ni matusi, nikamkasirikia mjomba ambaye alikuwa mbali huko Kitale akisaga mahindi ya watu.

Jioni mume wangu akaingia na mikono yake myeusi. "Mashine."

"Usinichezee," nikamwambia. "Mashine nazijua. Keshokutwa nafunga kibanda, naja mtoni kuikagua hiyo yako. Nikiikuta mgonjwa, nitakuomba msamaha. Nikiikuta nzima, mimi na watoto tunarudi Kitale."

Nyuma yangu, chini ya kitanda, kulikuwa na lile sanduku la bati tulilokuja nalo kutoka Kenya, na wote wawili tulijua liko pale.

"Njoo uione," akasema.

Nilikwenda. Boti ilikuwa imefungwa ukingoni, na mashine imening'inia nyuma, mdomo juu. Nilifungua plagi: kavu, rangi ya kahawa yenye maziwa, plagi ya mashine yenye afya. Nikamwaga petroli kidogo kwenye chupa safi nikaiacha itulie, kwa sababu petroli ya chupa za barabarani siku hizo ilikuwa na maji mengi kuliko mto wenyewe. Hii haikuwa na maji. Oili ilichanganywa sawasawa. Nikafungua kabureta, nikaipuliza, haikuwa hata na mchanga. Nikavuta kamba, mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

"Nzima," nikasema.

"Ngoja jioni."

"Nzima!"

"Mama watoto, ngoja jioni."

Hapo ndipo nilipokiona kiti. Huko ukingoni wezi walikuwa hawachezi. Tangi la mafuta ukiliacha wazi hulikuti. Kwa hiyo wenye boti walikuwa wanalifunga kwa mnyororo kwenye ubavu wa boti, wanaligongomelea ubao juu, na ubao huo unakuwa kiti cha karibu kabisa na dereva. Wetu ulikuwa na mto wa kukalia. Sponji la godoro la watoto. Na juu ya sponji, kimefungwa vizuri kwenye pembe zote, kipande cha leso yangu, ile nyekundu niliyoitafuta nyumba nzima mpaka nikamshuku jirani.

"Na hii ni ya nani?" nikauliza.

"Abiria. Ubao ni mgumu."

Ningefungua mdomo wakati ule, samaki wote wangehama.

Safari ya mwisho ilipofika, niliwahi kile kiti. Nilikaa juu ya leso yangu, nikapanga miguu, nikashika ukingo wa boti. Yule Mganda akaja na magunia matupu, akanikuta mahali pake. Alinitambua kuwa ni mteja wa nyanya. Mume wangu akasema, "Huyu ni mama wa nyumbani kwangu."

"Eh! Nyabo, kumbe ni wewe!" Akanipa mkono kwa furaha, akaenda kukaa mbele kwenye magunia bila kulalamika. Afadhali angenuna.

Tukavuka. Mashine ililia vizuri njia nzima, sauti moja, kama cherehani. Kila tulivyokwenda nilizidi kukaza meno. Tulifika kisiwani bila hata kukohoa. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu.

"Kalas, basi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nimeona."

"Haki sielewi," akasema. "Sielewi kabisa."

Kisiwani yule mama alichagua mboga zake taratibu, fungu kwa fungu, kwa sababu alizinunua jioni makusudi ili zifike sokoni asubuhi bado zimesimama. Mimi nilikaa botini nikihesabu kichwani nguo za watoto zitakazoingia kwenye sanduku. Alipomaliza, magunia yalijaza sehemu yote ya mbele. Akaja nyuma.

"Nyabo, songa kidogo. Miguu yangu imechoka."

Ningemkatalia vipi? Nilisogea. Akakaa kando yangu juu ya tangi, paja lake limebanana na langu, joto lake, harufu yake ya vitunguu, na mume wangu nyuma yetu ameshika usukani wa mashine. Sijawahi kuwa na safari ndefu kama ile.

Tulipofika katikati, mashine ikakohoa. Ikavuta pumzi. Ikafa.

"Umeona?" mume wangu akapiga kelele, karibu analia kwa furaha. "Umeona sasa?"

Mkondo ukaanza kutubeba. Tulisimama sote wawili, mimi na yule mama, ili mume wangu apate nafasi ya kufungua kifuniko cha mashine. Akavuta kamba, akavuta tena, mashine ikawaka. Tukakaa. Tukaenda kidogo. Ikafa. Tukasimama, ikawaka. Ala! Nikaangalia ile pampu ndogo ya mpira inayobonyezwa kwa mkono kupeleka petroli kwenye mashine. Tulipokaa ilikuwa imenywea kabisa, imebonyea kama tunda bovu. Tuliposimama ikajaa.

"Kaeni," nikasema. "Hapana. Wewe, dada, kaa peke yako."

Akakaa. Nikapenyeza mkono chini ya ubao. Ubao ulikuwa umepinda kwa uzito wake, na mpira wa mafuta, uliopitishwa kati ya ubao na mdomo wa tangi, ulikuwa umebanwa bapa kama utepe. Kwangu mimi mwembamba, ubao haukushuka hata kidogo.

"Simama," nikamwambia. Mpira ukafunguka mkononi mwangu, nikahisi petroli ikipita.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka machozi. Yule mama alipoelewa, akapiga makofi. "Yesu wangu! Kumbe ni makalio yangu iko naua injini!" Na mume wangu naye akaangua kicheko, na hapo mimi nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wanacheka pamoja, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, kicheko cha watu waliozoea. Mume wangu akamwambia, "Malesh, mama, pole." Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwetu Gudele.

Mimi nilimwomba mume wangu msamaha, kama nilivyoahidi, na aliupokea vizuri. Asubuhi yake nilishuka mtoni na nyundo. Niliinua ubao kwa vipande vya mbao ngumu, nikautoa mpira wa mafuta kule chini, nikaupitisha ubavuni mwa boti, nikaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nilimwomba dereva wa boti ya jirani, mtu mzito sana, akalie kiti, nikawasha mashine nikaiacha ingurume mpaka watu wa ukingoni wakalalamika. Haikuzimika. Leso yangu niliivua nikaenda nayo nyumbani.

Tangu hapo mume wangu alirudi mapema. Tulikula ugali moto. Hata nilimpelekea yule mama chapati sokoni, akanipa vitunguu, tukaongea kama majirani. Lakini wivu haukuniisha, na sasa ulikuwa umebadilika, ulikuwa mgumu zaidi kuueleza. Nilikuwa nalala nikiwaza zile jioni zote boti ilipokuwa ikielea. Walikuwa wanazungumza nini, mashine ikiwa kimya, maji tu? Mimi na mume wangu tangu turudi hatukuwahi kukaa mahali pakawa kimya. Kwangu ni jenereta na simu, kwake ni mashine na abiria, nyumbani ni watoto. Yule mwanamke, bila kujua, kwa kukaa tu, alikuwa amejipatia ule ukimya ambao mimi nilikuwa nautaka. Ningependa ungekuwa wangu. Nilitamani hata mimi ningekuwa mnene.

Hata hivyo nilijiambia yameisha. Mashine ilikuwa mgonjwa kweli, hakunidanganya, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiponya.

Halafu jioni moja jua likazama naye hajafika. Niliwalisha watoto. Nikafunika chakula chake kwa sahani, nikaketi mlangoni nikisikiliza boda zikipita kwenye barabara ya vumbi, moja baada ya nyingine, hakuna iliyosimama kwetu. Hatimaye moja ikasimama. Aliingia taratibu, akavua viatu, akakaa.

"Leo nini?" nikamuuliza.

Hakunitazama. "Mashine," akasema.

Nikaleta maji kwenye jagi na ile sabuni ya unga, kama zamani. Akanyoosha mikono. Ilikuwa safi. Haikuwa na doa la oili hata chini ya kucha.

Niliweka jagi chini, nikaenda kuvuta sanduku kutoka chini ya kitanda.